Aliyeitika Kabla Yangu

Nyumbani kwetu Kagio, jina langu likiitwa, watu wawili waliitika. Wa kwanza alikuwa nyanya yangu, mamaye mama. Wa pili ndiye mimi. Nilipewa jina lake kama desturi yetu inavyotaka: binti wa kwanza ni wa nyanya wa upande wa baba, anayefuata ni wa nyanya wa upande wa mama, na mimi ndiye niliyefuata. Mama akiwa na furaha aliniita "mami", kwa sababu kwa hesabu ya kwetu mimi nilikuwa mama yake mzazi, hata kama nilikuwa na kamasi puani. Akikasirika ndipo alipolitoa jina lenyewe, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na kabla sijafungua mdomo nyanya alikuwa ameshajibu kutoka kwenye kiti chake kando ya ghala la mahindi: "Niko hapa!"

Tulicheka, jameni. Kaka zangu walijificha nyuma ya ua na kuliita jina hilo makusudi, waone kama atachoka. Hakuchoka. Masikio yake yalikuwa yamekufa kwa mambo mengine yote; ungemwambia chakula kiko tayari na asigeuze kichwa. Lakini jina lile alilisikia hata likinong'onwa. Alikuwa na "watu wake", ndivyo tulivyosema wakati huo, watu aliozungumza nao na sisi hatukuwaona. Mama alimwogesha, alimlisha, akamtafuta alipopotea. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mama kama analala.

Nadhani ndiyo maana nikaichagua kazi hii. Mimi ni mfanyakazi wa jamii katika kliniki moja ya afya ya akili huku Nyeri. Mgonjwa ana daktari wake na sindano yake. Wangu mimi ni yule anayeishi na mgonjwa: binti, mume, mkwe, yeyote yule anayefunga mlango na kuficha visu. Nawatembelea nyumbani na kuwauliza unalala, unakula, ukichoka nani anakupokea. Hilo la mwisho ndilo linalowaliza. Wananiita daktari. Zamani niliwasahihisha, siku hizi nimechoka, waniite wanavyotaka.

Kila nyumba huku ina namna yake ya kuuguza na namna yake ya kuficha. Wakulima wa chai wa Othaya watakuambia mgonjwa "amefikiria sana". Familia za Kihindi za mjini zitakuambia ni presha. Wengine watakuambia ni dhambi, na hao mimi huwa sikai nao sana kwa sababu nitasema neno baya.

Nyumba ninayotaka kuisimulia ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa mjini. Mwenye duka ni Mhindi aliyezaliwa Nyeri, anayeongea Kikuyu cha kukushinda wewe na mimi, maana amejifunza akiuza misumari tangu utotoni. Mke wake ni Mkikuyu wa Othaya. Watu walisema sana walipooana, pande zote mbili, kisha wakachoka kusema. Pamoja nao anaishi dada ya mume, mwanamke mzima ambaye hakuolewa, anayeshika mapishi yote na nusu ya hasira za nyumba ile. Walikuwa na msichana mmoja mdogo, wa shule ya chekechea. Halafu akaja mama mkwe, mamaye mke.

Mama mkwe huyu, ambaye nitamwita tu cucu, yaani nyanya, kama kila mtu anavyomwita, alikuwa akiishi peke yake Othaya tangu mumewe afariki. Ugonjwa wake ulikuwa hivi: kulikuwa na watu waliomwita. Walisimama nje, mahali asipopaona, wakamwita kwa jina, naye akatoka kwenda kuwaona. Basi. Hakupiga mtu, hakuvunja kitu. Alitoka tu. Mchana mmoja aliacha kikapu cha majani chai katikati ya shamba, kikiwa nusu, akaenda. Walimtafuta mitoni, walimtafuta mochari, na mwishowe mtu mwema akapiga simu kutoka Timau, kule kwenye mashamba ya ngano. Alikuwa amesimama kando ya ua wa shamba, miguu mitupu kwenye baridi ile, akiangalia ngano. Binti yake alipomuuliza anafanya nini huko, alisema, "Waliniita, nikakuja, sasa hawasemi."

Binti alinisimulia hayo mara ya kwanza tulipoonana.

Wakamleta mjini. Alianza sindano kila mwezi na vidonge jioni. Na aliyekuja kumtunza, kwa kweli ya Mungu, si binti yake, kwa maana binti alikuwa dukani kutwa. Ni yule dada ya mume. Hakuna aliyemwomba. Niliwakuta wakichambua dengu kwenye sinia moja, mmoja na sari, mwingine na kitambaa cha kichwa cha kanisa, wakigombana kwa Kiswahili cha dukani.

"Wewe nawacha mawe, mama!" dada alisema. "Mimi navunja meno!"

"Mawe iko wapi? Nionyeshe mawe!"

Cucu alimwita "muthoni wangu", mkwe wangu, kwa heshima zote, kisha akamwambia chai yake ina pilipili ya kuua ng'ombe. Wakicheka hivyo hungejua nani ni mgonjwa. Nilimuuliza dada analala? Akaniangalia kama nimeuliza mambo ya chumbani. "Yeye nalala, mimi nalala," akasema. Kitanda chake alikuwa amekivuta mpaka mlangoni, ili cucu akiitwa amkanyage kwanza.

Ilikwenda vizuri karibu mwaka. Wale watu walipungua. Waliita kwa mbali, cucu alisema, kama mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kisha binti akashika mimba, akajifungua msichana mwingine.

Sasa fanya hesabu. Msichana wa kwanza alikuwa amepewa jina la mamaye mume, wakafurahi wote. Huyu aliyefuata alikuwa wa cucu. Halikuwa jambo la kujadiliwa. Wajomba walipiga simu kutoka Othaya siku ile ile wakisema hongera, cucu amezaliwa, na wakaongeza kwamba wasisikie mambo ya Kihindi safari hii. Maana upande wa pili nao wana yao: kwao jina hutolewa na shangazi, dada ya baba. Hiyo ni haki yake, mtoto hulazwa ndani ya kitambaa, watu wanashika pembe na kumbembeza, na shangazi analitamka. Kwa yule wa kwanza shangazi alikubali kulitamka jina la mama yake. Huyu wa pili alikuwa bado kumsemea.

Binti alinivuta pale ngazi inapopinda, kati ya mifuko ya misumari na mikebe ya rangi. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Daktari, hilo jina siwezi kumpa."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Usijifanye. Huyo mama pia aliitwa jina ya cucu yake, na huyo cucu yake alikuwa hivyo hivyo, alipotea msituni wakamkuta amekufa. Inakuja na jina. Wewe umesoma, niambie, si inakuja na jina?"

Nilimwambia nilichosomea. Kwamba ugonjwa unaweza kutembea katika damu, mara kwa mara, si lazima, na kwamba jina halina damu. Nilisema kwa ile sauti yetu ya kliniki, ile tunayotumia kama maji ya uvuguvugu.

"Wewe unaitwa nani?" akaniuliza. "Jina ya nyumbani."

Nikamwambia. Sijui kwa nini sikumdanganya.

"Jina ya nani?"

"Ya nyanya yangu."

"Alikuwa mzima?"

Nikasema hapana, hakuwa mzima, alikuwa na watu wake. Akaniangalia, woi, akaniangalia mikononi, machoni, mdomoni, jinsi unavyogeuza parachichi sokoni ukitafuta mahali palipoanza kuoza. Nilikasirika. Mimi hukasirika upesi, mume wangu atakuambia. Nilimwambia niko na miaka hii yote na sijawahi kwenda Timau bila viatu.

Lakini nilikuwa nimeogopa. Tangu nilipovuka miaka arobaini nimekuwa nikijisikiliza. Nikisahau sufuria jikoni najisikiliza. Nikisikia redio ya jirani nasubiri mpaka nihakikishe ni redio. Sijamwambia mtu, na sikumwambia yeye.

Alitaka nimwambie mama yake kwamba ni kliniki imekataza lile jina. Nilikataa, sitadanganya mgonjwa kwa jina la kliniki. Nikamuuliza kwani si wampe majina mawili, la shangazi la kuitwa kila siku na la cucu liwe katikati, watoto siku hizi wana majina ya kujaza gari. Alitingisha kichwa. Akilikataa jina, mama yake atajua kwamba watoto wake wameona afadhali aishe. Kwa sisi mtu aliyepewa mtoto wa jina lake hafi kabisa. Anabaki anatembea uani, anatumwa maji. Asiyepewa amekwisha. Akisema ndiyo, atamtazama mtoto wake kila siku akingoja. Hapo ndipo alipokuwa, na hakuwa na pa kugeukia.

Na cucu mwenyewe alizidi kumtesa, bila kusema lolote. Tangu mtoto aletwe kutoka hospitali hakumshika. Hata siku moja. Mtoto akiletwa sebuleni, yeye alihamia jikoni. Akilia, cucu aliziba masikio. Mara moja shangazi alijaribu kumwekea mapajani na cucu akainuka upesi hivi kwamba mtoto nusura aanguke. Akaanza kula kidogo, akakaa akiangalia ukuta.

Nyumba nzima ilijua maana yake. Mimi pia nilijua, na niliijua kwa sababu mimi ni wa huku. Nyanya hamshiki mtoto ambaye si wake bado. Anangoja aambiwe. Amekasirika, na ana haki ya kukasirika, tumbo la binti yake limemrudisha duniani na watu wanazungukazunguka kama hawamjui. Wajomba walisema hivyo kwa simu. Mwenye duka, Mhindi wa watu, alisema hivyo kwa Kikuyu. Hata shangazi alisema, "Mama nakasirika. Mpe jina yake. Mimi nasema jina yake, hakuna shida." Alikuwa ametoa haki yake bila kuombwa, na najua ilimuuma, kwa maana hana mtoto na hatapata mwingine wa kumpa jina.

Basi binti akakubali. Alinipigia simu kuniambia, akalia, akanialika.

Ilikuwa asubuhi, jua limetoka vizuri na mlima umeonekana wote. Duka lilifungwa. Kitambaa chekundu kilitandazwa sakafuni sebuleni, na kwa kuwa jani la mti wanaoutumia wao halipatikani huku, shangazi alitaka la mugumo, mti wetu wa matambiko, maana miti hiyo ni ndugu. Hapo tu ndipo cucu alipofungua mdomo siku hiyo. Alisema mugumo hauchumwi, waokote lililoanguka. Likaokotwa. Akarudi kukaa kwenye kiti chake, mbali kabisa, karibu na mlango wa jikoni.

Mtoto akalazwa katikati ya kitambaa. Binti akamchukua tena, akavuka sebule, akapiga magoti mbele ya mama yake. Akamnyooshea mtoto.

"Maitu," akasema, "huyu ni wewe." Na akalitamka jina.

Cucu alisimama. "Hapana!" alisema, na halikuwa neno la mgonjwa wala la mzee, lilikuwa la mwanamke anayefukuza fisi zizini. "Hapana! Usiite hiyo jina karibu na yeye! Ngai, mtoto wa nani wewe, huna akili? Kwani unafikiri nimekaa huko jikoni kwa nini?"

Binti alibaki pale chini na mtoto mikononi.

"Hao watu hawajui sura," cucu akasema, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza mtoto jambo la hatari. "Hao wanajua jina. Wanasimama huko nje wanaita jina. Mimi ni mzee, miguu imeisha, nikienda nitaenda wapi, Timau? Lakini huyu? Akianza kutembea, na wakuje waite, na ni jina yake? Si ataitika? Si atatoka?"

"Mama, tunaweza kuiweka katikati..." mwenye duka akaanza.

"Hata katikati wataiona."

Mimi nilikuwa mle ndani na vyeti vyangu vyote. Nilitaka kusema kwamba hao watu hawapo. Nimelisema hilo katika nyumba nyingi. Siku hiyo lilikataa kutoka.

Binti akasema, "Lakini utaisha, mami. Hutakuwa na mtu." Alisema wazi hivyo, akilia.

"Nitaisha," cucu akasema. "Wacha iishe na mimi. Mwambie muthoni wangu atoe jina ya kwao, yenye hao hawajui kusema." Kisha akamgeukia shangazi, na nikaona midomo inamcheza. "Toa ngumu."

Shangazi alicheka huku analia. Wakamrudisha mtoto kwenye kitambaa. Pembe moja ilikuwa haina mtu, na cucu akaja akaishika. Wakambembeza, shangazi akaimba wimbo wa kwao, akainama, akalitia jina masikioni mwa mtoto. Sikulisikia vizuri. Cucu aliomba alirudie, akalijaribu ulimini, likamshinda, akatingisha kichwa, ameridhika. Ndipo alipomshika mtoto kwa mara ya kwanza. Alimnusa kichwani muda mrefu. Nilishuka ngazi kabla hawajaleta chai, nikakaa juu ya mfuko wa saruji dukani, nikalia kama mjinga.

Nilirudi baada ya mvua za masika. Mtoto alikuwa ananenepa. Kitanda chake cha kubembea kilikuwa katika chumba cha nyuma, na cucu alikuwa amehamishia kiti chake huko, kati ya kitanda na mlango wa roshani. Nilikuwa sebuleni na binti, namuuliza mambo yangu ya kawaida, na tulipofika kwenye usingizi, tukasikia kutoka chumbani, wazi, bila wasiwasi:

"Niko hapa!"

Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Siku hizi anafanya hivyo," binti akasema polepole. "Nilitaka kukuambia. Nafikiri dawa imepunguza nguvu. Lakini hatoki, daktari. Hata akiitwa hatoki tena. Anaitika tu."

Niliingia. Mtoto alikuwa amelala. Nilichuchumaa mbele ya cucu nikamuuliza kama wamerudi.

"Hawakuenda," akasema.

"Wanasema nini?"

"Si wanaita." Alinitazama kama mtu mgumu wa kuelewa. "Nikinyamaza wataanza kutafuta. Wataingia kuangalia ni nani mwingine. Kwa hivyo naitika haraka, wajue ile wanataka iko hapa, ni hii tu, hakuna ingine."

"Lakini mtoto hana jina lako, cucu. Ulilikataa."

"Ndiyo," akasema. "Lakini wewe uko nayo."

Sikumwambia kamwe jina langu. Binti alikuwa amemwambia, bila shaka, ni jambo la kawaida, watu huambiana. Tunaitwa jina moja, mimi na yeye. Ni jina la kawaida huku, utalikuta kila soko. Labda ndiyo maana sikuweza kumdanganya binti yake pale kwenye ngazi. Akanipapasa shavu, mkono wake ukinuka dengu. "Ukiwa hapa ndani usiogope," akasema. "Mimi ndiye naitika."

Nilimweleza daktari wa kliniki, kama kazi yangu inavyotaka. Alirekebisha dawa kidogo. Cucu analala vizuri zaidi sasa, na bado anaitika.

Jumamosi hiyo nilikwenda Kagio. Ghala halipo tena, mama naye ametutoka, pamebaki kaka yangu na ng'ombe wake. Nilisimama pale kiti kilipokuwa. Nilimkumbuka nyanya akiwa ameegemeza mgongo kwenye mbao, kichwa kimeelekea uani ambako sisi watoto tulicheza, siku nzima, jua na baridi, akisikiliza. Kila mara alitangulia. Hata nikiwa karibu kuliko yeye, hata nikikimbia kuitika, alitangulia, na alisema kwa nguvu, akielekea nje, si kwa mama. Sisi tukaona ni kichekesho. Haki, nyanya. Haki.

Nakumbuka siku ya kwanza baada ya kumzika. Mama alikuwa jikoni, akaniita, kwa jina. Nilikuwa uani na ndoo. Nilisimama nikangoja, kwa mazoea tu, aitike yeye kwanza. Upande wa ghala kukawa kimya. Mama akaita tena.

Nikageuka nyuma, hapakuwa na mtu, nikasema, "Niko hapa."